Khagen, Mpiga Ngoma wa Mama Durga

Sikio la kushoto la Khagen Ruidas ndilo lililotangulia kufa, kwa kuwa ndilo lililokaa karibu na ngozi ya ngoma. Halikufa kwa siku moja. Lilianza na mlio kama wa nyenje, usiokoma hata akiwa amelala, kisha mlio nao ukakatika pakabaki kimya. La kulia likafuata taratibu. Alipofika miaka hamsini na sita alikuwa akiisikia ngoma yake kwa kifua na kwa meno kuliko kwa masikio, na mkewe Kusum akimwita kutoka jikoni ilikuwa kama anaita ukuta.

Kwao ni wilaya ya Bankura, kijiji cha udongo mwekundu ambako ukoo wake ni wapiga ngoma tangu enzi za mababu. Mwaka mzima watu hao hulima mashamba ya wengine au husuka vikapu. Lakini mvua zikishakatika, na manyasi marefu kando ya mto yakichanua meupe, kila mwenye ngoma huishusha darini, huikaza kamba, huipamba kwa manyoya meupe ya ndege, akapanda treni kwenda Kolkata. Huko Mama Durga, mungu wa kike wa Wahindu, hukaa siku tano katika kila mtaa, ndani ya mabanda ya mianzi na nguo yanayojengwa yakafanana na majumba ya kifalme, na ibada yake haiendi bila ngoma.

Khagen alianza kwenda na marehemu baba yake. Baadaye mtaa mmoja wa kaskazini mwa jiji ukamshika na haukumwachia kwa miaka ishirini na saba. Vijana wa mtaa ule walioa, wakaota vitambi, na bado walimwita Kaka Khagen. Jioni wanawake na wanaume walicheza mbele yake wakiwa wameshika vyetezo vya udongo vinavyofuka moshi, naye aliwatazama miguu, akiwaongezea mwendo kidogo kidogo mpaka jasho liwatoke na kicheko kiwashike.

Uziwi wake hakuna aliyeujua kule mjini. Mdogo wake, Jugal, ndiye aliyempigia upatu, na wawili hao walikuwa na lugha yao. Jugal akiinua nyusi, maana yake anza. Akiushusha upatu hadi kiunoni, acha. Kwa miaka sita Khagen alipiga akiwa hajaondoa macho kwenye uso wa mdogo wake, na watu wakasema hawajaona ndugu wanaopendana namna ile.

"Mwaka huu baki," Kusum alimwambia, mdomo ukiwa karibu kabisa na sikio la kulia. "Ipo siku watakujua."

"Watanijuaje? Wananiita nipige, hawaniiti nisikilize."

"Haya, tania. Mimi naongea na ukuta, nao ukuta unanifanyia mzaha."

Akaenda.

Walipofika mtaani walikuta mambo yamegeuka. Katibu mzee wa kamati alikuwa amehamia kwa binti yake Delhi, na mahali pake amekaa kijana aitwaye Dipayan, mtu wa kazi ya matangazo, mwenye simu mbili na adabu nyingi. Banda la mwaka ule lilijengwa mfano wa kijiji cha zamani, kuta za udongo na paa la nyasi, maana mabanda hushindanishwa na waamuzi hupita kuyatazama. Ndani palitundikwa nyungo, mitego ya samaki, na jembe la kukokotwa na ng'ombe.

"Hili jembe mwenyewe ameshalisahau?" Khagen alimuuliza mdogo wake.

"Ni pambo, kaka," Jugal akamwambia sikioni.

"Pambo, na bado lina udongo wa shamba."

Dipayan aliwakaribisha chai, kisha akawaeleza kazi. Khagen aliona midomo ikienda lakini hakupata neno, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa kama desturi yake. Ni Jugal aliyeweka kikombe chini.

"Asipige?"

"Fimbo ziende, ila zisiguse ngozi," Dipayan alisema. "Sauti tumeshairekodi studio, wapiga ngoma arobaini pamoja, itatoka kwenye spika tulizozificha kwenye nyasi. Nyinyi mtakaa pale mlangoni mvae vizuri. Waamuzi wanataka kuona ngoma. Na wageni pia, wanapenda kupiga picha."

"Sasa sisi ni wapiga ngoma au sanamu?"

"Kaka Jugal, malipo ni yale yale, chakula ni kile kile. Kazi ni nyepesi kuliko miaka yote. Unanikasirikia kwa lipi?"

Jugal alimvuta ndugu yake nyuma ya banda akamweleza kwa sauti ya juu, sikioni. Khagen kwanza alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza. Kilichomuuma sana baadaye, na ambacho hakumwambia mtu isipokuwa Kusum, ni kwamba saa ile alifurahi. Kama hapigi, hakuna atakayejua. Alisimama nyuma ya banda lile akiwa na ngoma begani akajiona amepona, kisha akaona aibu, na ile furaha na ile aibu hazikutaka kuachana.

Siku mbili alichapa hewa. Asubuhi alivaa shati jeupe alilopewa na kamati, akasimama mlangoni, fimbo zikipanda na kushuka kidole kimoja juu ya ngozi. Watu walifurika kutoka kila upande wa jiji. Walikuja wageni na kofia zao, wakiongozwa na kijana mwenye kibendera. Mmoja wao, mama wa Kizungu mwenye uso mwekundu kwa joto, alipiga magoti mbele yake akampiga picha nyingi, kisha akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Akakiondoa. Akamtazama Khagen usoni, akatazama paa la nyasi, akatabasamu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwingine yumo ndani.

"Mikono yako haifuati," Jugal alimwambia sikioni jioni ya siku ya pili. "Spika zinapiga mwendo wa jioni, wewe uko kwenye wa asubuhi. Kuna wasichana walikuwa wanakucheka."

"Nitafuata vipi kitu nisichokisikia?"

"Nitazame mimi."

"Nakutazama. Na wewe uso wako umekufa, Jugal. Zamani ulikuwa unapiga upatu. Sasa unasubiri chakula."

Siku ya tatu ndiyo ya nane ya mwezi, na siku hiyo kuna muda mfupi ambao watu huungoja mwaka mzima, pale siku ya nane inapokwisha na ya tisa kuingia. Mwaka ule uliangukia mchana, saa tisa kasoro. Huwashwa taa za mafuta mia moja na nane. Kuhani husoma, kisha huinua mkono, na banda zima hunyamaza, mtu asikohoe, mpaka dakika yenyewe ifike, naye aushushe mkono. Hapo ndipo ngoma hulipuka, watu wakajua kwamba Mama amemwangusha adui yake.

Taa zilikuwa zimewashwa nusu pale umeme wa mtaa ulipokatika. Feni zilisimama. Spika zikanyamaza. Dipayan alikuja mbio kutoka nyuma, shati limelowa, akamshika Khagen mabega akatamka polepole, na safari hii hata kiziwi angeelewa.

"Piga. Piga kweli."

Khagen alimtafuta Jugal. Lakini joto na giza la ndani lilikuwa limewasukuma watu mlangoni, na Jugal alikuwa amebanwa ng'ambo ya kundi lile, haonekani hata unywele. Khagen akashusha fimbo kwenye ngozi.

Waliokuwepo wanasema hawajasikia ngoma kama ile. Siku mbili za kuzuiwa zilitoka mikononi mwake zote kwa pamoja. Alianza chini, kama mvua ya mbali juu ya paa, akapanda, akazunguka, akaingiza mapigo ya baba yake ambayo siku hizi hakuna anayeyapiga. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu alianza kulia waziwazi. Khagen aliyahisi haya yote kupitia ardhi, kwenye nyayo zake, na akafumba macho. Hilo ndilo kosa lake. Katika miaka sita hakuwahi kufumba macho.

Kuhani akainua mkono. Banda likanyamaza, vigelegele vikakatika, watu wakafunga mikono vifuani. Ngoma ikaendelea.

Kuhani alitikisa mkono. Akapaza sauti. Mtu akasema "Kaka Khagen, basi," mwingine akasema "Basi, mzee, basi," na Jugal huko nyuma alikuwa akiinua upatu na kuushusha kiunoni, akiuinua na kuushusha, nyuma ya vichwa vya watu. Dakika ikaja ikapita, na hakuna aliyejua imepita lini. Dipayan ndiye aliyemnyang'anya fimbo.

Khagen akafumbua macho. Aliona nyuso mia, midomo inakwenda, hakuna sauti. Aliona simu zimeinuliwa.

"Nimefanya nini?" aliuliza, naye hakujua kwamba alikuwa akipiga kelele.

"Ni kiziwi," mtu mmoja alisema. "Jamani, mzee ni kiziwi."

Jugal alipofika alisema ni homa, kaka yake amelala vibaya, ameamka na homa. Kuhani hakumsikiliza, alikuwa amekaa chini mbele ya taa zake, akitazama saa. Dipayan alimgeuza Khagen kuelekea kwenye mwanga.

"Tangu lini, kaka?"

Hilo Khagen alilisoma midomoni. "Miaka sita," akasema.

Dipayan hakumtukana. Laiti angemtukana. Alimpa malipo yake yote katika bahasha, akawaagizia wali wa dengu wa kula njiani, na akawaomba waondoke kabla waamuzi hawajafika. Walipokuwa wanakunja kamba umeme ulirudi, na spika zikaendelea pale pale zilipokatika. Khagen hakujua. Jugal alimwambia kwenye treni.

Alifika nyumbani siku ya tisa, siku ambayo kijijini hakuna mpiga ngoma anayeonekana. Kusum alitoka uani akamtazama mikono kwanza, kama vile anatafuta jeraha, kisha akampokea ngoma akaipeleka ndani.

Daktari wa hospitali ya wilaya alimpa kifaa cha sikioni. Kila kitu kilichoingia humo, sauti ya mke, ya jogoo, ya mvua, kilitoka kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Alikivaa mwezi mmoja akakiweka kwenye mkebe. Jugal akaenda Kerala, kusini kabisa mwa nchi, kwenye kazi za ujenzi, akisema anatangulia tu, kaka yake atafuata.

Mwaka uliofuata Khagen alikwenda peke yake hadi stesheni ya Sealdah mjini Kolkata, ambako wapiga ngoma wasio na mtaa husimama nje wakipiga, na watu wa kamati hupita kuchagua. Alikaa siku mbili. Mikono ilikuwa ingali mizuri na watu walisimama kumtazama. Lakini mtu alipomsogelea kuuliza unatoka wapi, mko wangapi, kiasi gani, Khagen alitabasamu na kuanza kupiga. Mtu akarudia. Khagen akapiga zaidi, kwa juhudi, akimtazama usoni atafute nyusi zitakazoinuka. Kisha mtu akaenda kwa mpiga ngoma wa pembeni. Ilitokea hivyo mara tisa au kumi. Siku ya kwanza ya ibada, stesheni ilipobaki na wachuuzi na wapagazi, akapanda treni ya saa nne asubuhi.

Sasa anabeba matofali kwenye tanuri lililo ng'ambo ya mto, yeye na Kusum. Msimamizi wa pale humsifu mbele ya vibarua wengine: huyu mzee hajibizani, hapigi soga, ukimtwika anakwenda. Kusum husikia yote, akainama, akampangia matofali kichwani, manane, kisha mawili juu yake.