Jina Lililoitwa Adhuhuri

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilijua kwamba majini ya mji wetu hutembea adhuhuri na huita watu kwa majina yao. Haboba, maana ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alinifundisha hivyo hata kabla sijajua kufunga viatu. "Zamzam, ukiitwa jua likiwa utosini, nyamaza. Jini huita mara moja tu. Binadamu atarudia."

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka Kampala. Babu zetu waliletwa pale kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakaoa, wakajenga msikiti, wakabaki. Karibu kila nyumba ilikuwa na mwanamke anayesuka vikapu. Aliyewapita wote ni jirani yetu Hajati Mariamu, mjane asiye na mtoto, ambaye alikuwa akinipa ukindu uliobaki nijifunzie.

Siku moja Haboba alikwenda msibani mtaa wa pili. Nilibaki peke yangu ndani nikichambua mchele. Nikasikia, "Zamzam." Ilikuwa sauti ya mwanamke, wala si ya kutisha, kutoka upande wa kwa Hajati. Mikono ikasimama ndani ya ungo. Nilingoja irudie. Haikurudia. Nikaendelea kuchambua na, kusema kweli, nilijiona hodari.

Alasiri, watoto waliotoka madrasa walimkuta Hajati ndani ya shimo la choo kipya alichokuwa akichimbiwa nyuma ya nyumba. Ukingo ulikuwa umemeguka akipita, na nyonga imevunjika. Wanaume walimtoa kwa kamba na mkeka. Nilisimama pale na ungo wangu, sikumwambia mtu.

Aliporudi kutoka hospitali baada ya miezi miwili, akitembea kwa fimbo, nilishindwa kuvumilia.

"Hajati, uliponiita nilisikia. Nilidhani ni jini. Nisamehe."

"Mimi sikukuita, mwanangu. Sikumwita mtu yeyote."

Nilimkimbilia Haboba anieleze. Alisema tu, "Basi umeona," akaendelea kukunja nguo. Nimeona nini? Kama ni jini, mbona liliniita siku ileile jirani yangu alipoumia? Kama ni Hajati, kwa nini akatae? Niliamua kwamba ananidanganya kwa huruma, na huruma hiyo ikaniuma kuliko kupigwa.

Nikakua, nikahamia Kampala, nikafungua duka la vitambaa Kabalagala. Haboba alikuwa ameshafariki Hajati alipoanza kuja kliniki Mulago, akilala kwangu Lubaga. Asubuhi moja tukinywa chai, nilimuuliza tena.

"Sikukudanganya," alisema. "Hujazaliwa wewe, serikali ilipoanguka, Wanubi tulitafutwa tuuawe kwa kisasi, maana wengi wetu walikuwa askari wake. Tulijifungia ndani. Adhuhuri mume wangu akaitwa, mara moja, kwa sauti ya rafiki yake muuza sukari. Akaitika, akatoka, hakurudi tena. Labda huyo rafiki alishikiwa bunduki, sikumuuliza. Tangu hapo simwiti mtu mchana atoke nyumbani kwake. Hata mle shimoni, mdomo ulikataa."

"Na majini?"

"Hayo aliyaleta bibi yako. Ninyi watoto mlitumwa kila siku dukani kwa muuza sukari yuleyule. Angewaambia nini?"

"Sasa mimi niliitwa na nani?"

Alitua kikombe. "Hilo sijui, Zamzam. Ningejua ningekwambia."

Hajati naye amekufa sasa, na mimi bado sijui. Pengine niliisikia sauti ambayo yeye aliizuia kooni. Pengine ni mwanamke mwingine, aliyepita njia akimwita Zamzam wake. Kila nikidhani nimelishika jibu moja, jingine linalitoa mkononi.

Ninayemkumbuka vizuri ni yule muuza sukari. Alikuwa na kofia ya kufuma na alinijazia kupita kipimo kila mara. Nilimpenda. Nilimsalimia kila siku, akaniombea dua nikue. Haboba alichagua niogope majini ya adhuhuri ili niweze kumtazama mtu yule usoni bila chuki, na mji uliendelea hivyo, nyumba kwa nyumba. Sijui kama nimshukuru Haboba au nimlaumu. Nikimwombea, huwa nafanya yote mawili.