Sugu ya Kifuani

Juma lililopita nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja ya Kanyenye, nikisubiri majibu ya damu. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani aliketi mama mkulima wa Isikizya, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Mama, ile dawa ya kuvuta kila siku uliiacha lini?" aliuliza daktari, kijana mpole.

"Zamani, mwanangu. Nikibanwa navuta ile ya bluu, kifua kinaachia. Nikiwa mzima, dawa ya nini?"

Daktari akamgeuza kiganja. "Hii ni sugu ya jembe. Pumu nayo ni hivyo. Hata usipobanwa, njia za hewa zimevimba ndani kwa ndani. Uvimbe ukikaa miaka, kuta za njia hizo huwa nene na ngumu, njia ikabaki nyembamba."

Mama akakisugua kiganja kwa kidole gumba. "Sugu hii hulainika nikipumzika kulima."

"Ya kifuani hairudi kama zamani, mama. Tutaizuia isizidi tu."

Mama alirudisha mkono mapajani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Binti yangu naye ameanza kubanwa. Uvimbe wake nao tumeshauchelewa?"

"Hapana, bado tunaweza kuuwahi. Mlete kesho."

"Kesho haiwezekani. Ndiye anayechochea moto wa kukaushia tumbaku. Mimi moshi siuwezi tena."

Mama akajitanda khanga, akashukuru, akaenda kuwahi gari.

Huku kwetu tunajisifu kwamba tunawarithisha watoto mashamba. Hatusemi kwamba tunawarithisha na moshi wake.