Gurudumu Lililokuwa Baridi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile tuliyofiwa na bibi yetu mzaa mama, na mvua ya Tukuyu inanyesha bila haya kama kawaida yake. Ahsante kwa kurudi nilipokuita. Kaa. Asubuhi ulipita hapa unacheka, ukaniambia, “Baba mdogo, gari langu nikikanyaga breki linavuta kushoto, ila fundi wa stendi ananimalizia sasa hivi.” Ukaenda zako. Chai yangu ilinishinda. Wewe ulikuwa tumboni mwa mama yako wakati wa mambo haya, na maisha yako yote umeambiwa tu kwamba baba yako alikufa kwa ajali. Leo nakueleza ajali yenyewe.

Baba yako, kaka yangu Hamisi, alikuwa akiendesha pikapu ya Mjomba Saidi, aliyekuwa akiuza vitenge pale sokoni. Siku za kawaida alipanda nayo Lufingo kuchukua ndizi. Mimi nilikuwa kijana ninayejifunza ufundi kwa Mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Matwebe, mkali kwenye kazi na mpole mahali pengine pote. Bibi alikuwa ameusia azikwe Kisiba, ubavuni mwa mumewe, na sisi Waislamu, unajua mwenyewe, maiti hatumcheleweshi. Sasa asubuhi hiyohiyo ya msiba, pikapu ikaanza kuvuta kushoto kila Hamisi alipokanyaga breki, karibu imtie mtaroni.

Tukaipeleka kwa Mzee Ambakisye. Mjomba alikuja na kanzu iliyolowa, nusu ya ukoo uko nyuma yake.

“Breki ya kushoto imekuwa kali mno,” Mjomba akasema. “Wewe ipunguze tu, fundi, tuondoke.”

Wote wakaitikia kwamba ndivyo. Msibani kila mtu huwa fundi. Hata waliokwenda kuchimba kaburi nadhani walikuwa na maoni yao juu ya breki ile.

Mzee hakubishana nao. Alitazama upepo wa tairi, akayatikisa magurudumu, kisha akamtuma Hamisi aendeshe taratibu mahali tambarare, akanyage breki, arudi. Gari liliporudi akaniita.

“Sogeza mkono hapa.”

Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linatoa joto hata kabla sijaligusa.

“Na huku.”

La kulia lilikuwa baridi. Nikamtazama Mzee, sikuelewa kitu.

“La kushoto linafanya kazi,” akasema. “La kulia ndilo halishiki. Gari linakwenda upande wa aliye mzima, kwa sababu mwenzake amemwachia kazi yote.”

Akafungua, akaukuta ugonjwa kwenye mpira unaopeleka oili ya breki kule kulia. Kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, ungeweza kumuuzia mtu asiyejua. Ndani ulikuwa umevimba hadi njia ikaziba. Mpira kama ule haukupatikana Tukuyu siku hiyo. Ilibidi ufuatwe Mbeya.

“Mbeya?” Mjomba akapaza sauti. “Mzee, maiti yuko ndani ameshaoshwa!”

“Poleni sana, ndugu zangu. Ndaga,” akarudia pole kwa Kinyakyusa. “Lakini tafuteni gari lingine. Hili lisishuke mlima.”

Gari lingine lilikuwa wapi? Siku zile ukitaja magari ya Tukuyu ulikuwa unawataja wenyewe kwa majina, na wote walikuwa wamesafiri. Nikasema, “Mjomba, ni kweli, nimesikia joto kwa mkono wangu.” Akaniambia ninyamaze, bibi yangu anasubiri, mimi ni mtoto. Hamisi alisimama katikati yetu, amefumbata ufunguo mkononi. Hakuwa mtu wa kumpinga mjomba wake, tena mbele ya watu, tena siku ya kumzika mama yake Mjomba. Akasema kwa upole, “Nitashuka na gia, Mzee. Nitakwenda polepole.”

Wakaipeleka kwa fundi mwingine karibu na soko. Yule alichukua koleo, akalibana bomba la breki ya kushoto, akalikunja, oili isipite. Basi. Wakalijaribu kwenye tambarare, likasimama limenyooka kabisa, na watu wakamshukuru Mungu kwa sauti. Hapo ndipo roho yangu hunichoma mpaka leo. Gari halikuwa tena na breki hata moja ya mbele, lilibaki linashikwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na sisi tulikuwa tunapongezana.

Tukashuka Kisiba. Tukafika. Bibi akazikwa kwa wakati, hata jua likatoka kidogo. Baada ya hapo Mjomba alipokutana na Mzee Ambakisye sokoni alimtania, “Mbona gari lako la marufuku lilifika?” Mzee alimwuliza tu lini atalileta afunge mpira mpya. Mjomba akajibu kwamba gari limepona. Na kweli, halikuvuta tena. Lingekuwa linaendelea kuvuta, Hamisi angekasirika, angelirudisha, angelipigia kelele hadi litengenezwe. Lakini lilikuwa limenyamazishwa. Wakati mwingine nasema, Mungu anisamehe, bora lingegoma siku ileile ya mazishi, tukachelewa, tukachekwa, yakaisha.

Halikugoma. Siku ambayo breki hazikushika, Hamisi alikuwa anateremka kutoka Lufingo na mzigo wa ndizi hadi juu, barabara imelowa. Mama mmoja aliyekuwa shambani kwake alituambia alivyoona. Gia iliruka, gari likaanza kukimbia, akasikia matairi ya nyuma yanalia. Lilifika kwenye kona na halikuvuta kushoto wala kulia. Lilikwenda moja kwa moja, limenyooka vizuri, kama lilivyotengenezwa.

Nilifika na Mzee Ambakisye. Sitakueleza tuliyoyakuta huko chini. Ndizi zilikuwa zimetapakaa mlima mzima, na watu walikuwa wanatembea juu yake kwa uangalifu wasiziponde, sijui kwa nini.

Kwenye matanga kila aliyekuja alisema ni kazi ya Mungu, na mimi nilisema hivyohivyo, kwa sababu yanatuliza maneno hayo. Mzee Ambakisye akanishika mkono akanitoa nje.

“Dini yenu siijui vizuri,” akaniambia, “lakini bomba lile tumelikuta limebanwa na koleo, na wanaoelewa maana yake ni wewe na mimi. Usimsingizie Mungu kazi ya koleo.”

Kisha alilia, mwanangu. Mtu mzima, anasema angelala chini mbele ya magurudumu wasingepita. Hakukaa sawa tena. Na Mjomba Saidi alilifunga duka lake la vitenge, akawa anakaa barazani tangu asubuhi, ukimsalimia anaitika, ukimtajia Hamisi anaingia ndani.

Tangu wakati huo nimewaambia vijana wangapi? Nimesema hadi mate yamenikauka. Wananiitikia vizuri, “Shikamoo mzee, tumekuelewa,” halafu nainama chini ya gari la mmoja wao nakuta bomba limebanwa. Leo lami imefika, vipuri vinauzwa hapohapo mjini, na bado wanashika koleo, kwa sababu abiria wanangoja. Nimekata tamaa, nakuambia kweli. Siku hizi nikisikia breki inalia huko chini barabarani nasimama, nangoja kishindo, kisha nakaa.

Ila wewe ni damu ya Hamisi, kwa hiyo nasema tena. Gari likivuta kushoto, tazama upepo wa tairi, kisha peleka mkono kulia. Usiguse kwa kiganja, utaungua siku moja. Sogeza nyuma ya mkono. Lililo baridi ndilo mgonjwa. Litengeneze hilo, na ukiambiwa kipuri hakuna, gari lilale, abiria watukane watakavyo. Usikubali kamwe gurudumu zima lifanywe bovu ili mambo yaonekane sawa. Hata nyumbani kwako na kazini, ukiona mmoja anavutana na kila mtu, usikimbilie kumnyamazisha. Angalia kwanza kama si yeye anayebeba kazi ya mwenzake aliyekaa kimya. Na akikuharakisha mtu, hata kama ni mkubwa wako, hata kama ni msiba, mheshimu, mshike mkono, mwambie hapana. Baba yako alikuwa na adabu sana. Natamani angekuwa nayo kidogo zaidi ya nusu, siyo yote.

Mimi ndiye niliyemwosha. Maji ya mwisho nilimmiminia sioni ninakomimina. Sasa nenda, na usipitie stendi. Mungu akupe subira, akushushe kila mlima salama, akuoneshe wajukuu, akuzeeshe kuliko mimi. Na siku yangu itakapofika, mwanangu, wewe ndiye unioshe.