Dagaa Niliowaficha kwenye Lebo

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sina wa kumsukumia, na naiandika kwa mkono huu ulioishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi hapa Izia natengeneza unga wa lishe wa ulezi, na watoto wanaokunywa uji wake wananenepa mashavu mpaka macho yanapotea (njooni muwaone wajukuu zangu). Siri yake ni dagaa wa Kirando, waliosagwa laini kabisa. Basi tulipoanza kufuatilia kibali cha kuuza madukani, mjukuu wangu Neema, aliyesoma hasa, akawa ananiandikia lebo, akasema, "Bibi, sheria inataka kila kilichomo kiandikwe." Nikamwambia andika ulezi, mahindi, karanga, soya, basi.

"Na dagaa?"

"Dagaa acha. Mama Tausi wa Majengo, mshindani wangu wa unga, anajua kusoma."

Kosa lenyewe lilikuwa hilo tu.

Siku ikafika, tukaitwa wasindikaji wote wa vyakula ukumbini Majengo, kila mtu na bidhaa yake, bwana afya apite akague lebo na kuonja. Kijana mpole, shikamoo yake inatoka moyoni. Akasoma lebo yangu mstari kwa mstari, kidole kikifuata, kisha akanywa kikombe kizima cha uji, na mimi kichwa juu namtazama Mama Tausi. Hakikupita kitambo kijana akaanza kujikuna shingo, mdomo ukamvimba, jicho moja likaanza kujifumba.

"Bibi, humu kuna samaki? Mimi samaki wananidhuru."

Na mimi, Mungu anisamehe, mbele ya watu wazima wote wale nikajibu, "Hamna."

Neema, pembeni yangu, akaifunika lebo kwa kiganja. Kijana akawa anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima na gunia kichwani, na hapo nikapiga kelele, Kifipa na Kiswahili vikigombana mdomoni, "Ni dagaa, dagaa wa Kirando, kopo moja kwa makopo kumi ya ulezi, mkimbizeni hospitali!" (Kipimo nani alikiuliza?) Mama Tausi akafungua kidaftari chake.

Wakampakia kwenye bajaji, na mimi nikajipakia pembeni yake, kikombe bado mkononi. Hospitali wakasema afadhali imejulikana ni samaki, wakamchoma sindano. Nikakaa kwenye benchi nikiomba kibali kiende zake, mtoto wa watu abaki. Baadaye akatoka, midomo kama maandazi mawili.

"Shikamoo tena, bibi."

Nikaficha kikombe nyuma ya mgongo. Akasema, "Mimi nina mdomo, nimeuliza. Mtoto wa mwaka mmoja angekuulizaje?"

Kibali sikupata siku ile, lakini hakunifungia. Nilipobadilisha lebo alirudi mwenyewe Izia, barakoa usoni, akakagua chumba changu cha kusagia mpaka nyuma ya mapipa, akanipitisha. Namshukuru Mungu, namshukuru kijana yule, namshukuru na Neema, aliyekuwa na haki ya kunisema na hajanisema mpaka leo.

Mama Tausi naye sasa anauza unga wa dagaa. Wake unanuka, maana namna ya kuwakaanga sikuitaja, na sheria haijaniuliza. Lakini kilichomo nimeandika chote, na maneno UNA DAGAA ni makubwa kuliko jina langu. Neema alisema yangependeza yakipunguzwa kidogo.

Nikamwambia, ongeza.