Kifaransa cha Mama Ladislaus

Severina, mama ntilie wa Newala, aliposikia wanunuzi watatu wa korosho wanakuja kutoka Benin, aliapa watakula kwake wiki nzima, si kwenye ile hoteli yenye vitambaa mezani. Siku nne alisonga ugali huku simu ikimfundisha Kifaransa cha mgahawani.

"Mama Ladislaus, usije ukajing'ata ulimi," Shamila wa chapati alimchokoza.

"Geuza chapati zako wewe, zinaungua!"

Wageni wakaingia. Severina akapiga goti kidogo, kama anavyoamkia wakubwa, akatamka kwa madaha: "Je voudrais manger, s'il vous plaît."

Wakatazamana. Maskini, simu ilimfundisha maneno ya mteja! Mwenye chakula alikuwa anaomba kula.

Mzee wao hakucheka. Aliinuka, akamkalisha, akamnawisha kwa maji mengi ya birika mpaka Shamila akaguna, maana Newala maji ni ya shida, hayachezewi. Kisha akampakulia ugali na kisamvu.

Severina angefanyaje? Alikula, tena akasifu kwa Kifaransa kwamba chakula ni kitamu.

Kesho yake walirudi wote watatu, na mzee akaenda moja kwa moja kwenye upawa. Shamila naye alikuwa na simu sikioni, midomo ikimcheza kwa Kifaransa.