Fulana ya Mtoto Kwenye Droo ya Tabitha

Wanangu, wengi wenu mna umri wa wajukuu wangu, kwa hiyo naitikia shikamoo zenu kabla hamjazitoa. Mwenye ukurasa naomba anifichie jina. Ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Nina miaka sabini na saba, muuguzi mstaafu, nipo Stockholm tangu usichana wangu. Mume wangu yuko chumba cha pili wakati naandika haya. Hajui.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nikikaa Hässelby chumba kimoja na Tabitha, Mtanzania mwenzangu. Ghorofa ya juu yetu aliishi Mama Neema, na sebuleni kwake ndiko tulikosali kila Jumapili, Watanzania na Wakenya wachache. Nieleze kidogo desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Hatukucheza dansi, hatukupaka rangi ya midomo, na kila mmoja alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi zake kwa sauti. Ukitaja, unakumbatiwa na kuimbiwa. Ukinyamaza, watu wanajiuliza unaficha nini. Tulikuwa wachache ugenini, na jina jema ndilo pekee tulilokuja nalo.

Tabitha alipofika alitubu kila kitu, hata visivyokuwa dhambi. Alisema bibi yake alikuwa mganga, na utotoni aliogeshwa dawa. Tulimkumbatia. Lakini neno likishasemwa mbele za watu halirudi kinywani. Lilikaa pale likingoja siku yake.

Mimi nilikuwa na langu ambalo sikulitubu. Kijana mmoja wa ushirika, Eliya, alizoea kubaki baada ya ibada tuoshe vikombe pamoja. Tabitha alipokuja, Eliya aliendelea kuosha vikombe, ila macho yakawa kwa Tabitha.

Siku moja nilishuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo, ambako kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu ya Mama Neema ilikuwa imetangulia yetu. Nilitoa nguo zetu kwenye kabati la kukaushia, nikazikunja haraka, na za Tabitha nikazitia kwenye droo yake. Miongoni mwazo ilikuwemo fulana ndogo ya manjano, ya mtoto Neema. Niliiona. Nikasema nitairudisha baadaye, nikasahau.

Wiki ile mtoto akashikwa na kikohozi kikali, anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Mama Neema alishuka kwetu mbio kuazima sweta la kwendea hospitali.

"Fungua droo, dada, chagua," Tabitha alimwambia.

Akafungua. Akaitoa ile fulana ya manjano, akauliza, "Hii si ya mwanangu?"

"Sijui imefikaje humo."

Nilikuwa nimekaa kitandani, hatua mbili kutoka pale. Sikufungua mdomo.

Jumapili tulikaa duara, Tabitha katikati.

"Tubu tumalize, mdogo wangu," Mama Neema alisema kwa upole kabisa. "Hakuna atakayekuchukia."

"Nitubu nini?"

"Bibi yako alikuachia nini?"

"Kanga mbili, na moja imechanika."

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakaona ni kiburi.

"Na fulana?"

"Nikisema niliiiba ili mnikumbatie, hapo ndipo nitakuwa nimetenda dhambi."

Tazameni mtego ulivyokuwa, wanangu. Akikiri, ni mchawi aliyetubu. Akikana, ni mchawi sugu. Mlango wa mtu asiye mchawi haukuwepo.

Kisha wakanigeukia mimi. "Wewe unalala naye chumba kimoja. Umeona nini?" Eliya naye alinitazama, mara ya kwanza baada ya miezi. Nikasema, "Hujifungia bafuni, anasema peke yake maneno nisiyoyaelewa."

Ni kweli alijifungia. Alikuwa akisoma Kiswidi kwa sauti kutoka kitabu chake cha shule, kwa sababu aliona haya kukosea mbele yangu. Nililijua hilo. Tabitha aliniangalia tu. Nadhani alikuwa akingoja nimalizie.

Eliya ndiye aliyeandika barua kwenda kanisani kwao Tabitha, Tanzania, kwamba ni mchawi, kwa mwandiko wake mzuri, akiliamini neno langu. Tabitha alihamia Tumba, upande wa pili wa jiji. Baba yake alipofariki, mama yake mwenyewe alimwandikia asiende kuzika. Mtoto alipona, daktari alisema ni kifaduro na akamtibu. Wenzangu walisema, "Mmeona? Kaondoka, mtoto kapona." Mwaka uliofuata Eliya alinioa. Tabitha alikufa hukohuko Tumba, na mimi sikwenda mazikoni.

Ningekufa na siri hii, lakini ushirika ule sasa ni mkubwa, unakodi ukumbi Spånga. Kuna msichana wa Kirundi, ameolewa juzijuzi tu. Alimshika tumbo mke wa kiongozi wa kwaya, akamwombea heri, na siku chache baadaye mimba ikaharibika. Sasa akiketi, viti vya jirani vinabaki vitupu. Mama Neema amenipigia simu: "Mdogo wangu, Jumapili usimame uwaeleze vijana habari za Tabitha. Tumebaki wachache tunaojua. Wasije wakadhani mambo haya hayafiki Ulaya."

Nikisimulia kama anavyotaka, nitamzika binti wa pili. Nikisema kweli, mume wangu mwenye moyo mgonjwa atajua kwamba mkono wake ulimwangamiza asiye na hatia, na kwamba ndoa yetu yote imejengwa juu ya fulana ile. Najua mtaandika, "Sema tu, bibi." Mimi nimeshindwa miaka hamsini.

Jana msichana yule alinibebea mfuko mpaka kituoni. Akaniambia, "Bibi, nimesikia Jumapili utasimulia mambo ya zamani. Nitakaa mbele, nisikie vizuri."

Zimebaki siku nne. Nipeni shauri, wanangu: nianze na Eliya, hapa nyumbani, au asikie pamoja na wote?