Aliyeshika Kamba ya Kisima

Ardhi ya Gabriel Tandy ilikuwa nzuri kuliko nyingi pale Kanaani, kijiji kipya cha Kansas, ila haikuwa na tone la maji, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Walipofika Kansas kutoka Mississippi, watu huru wasio na kitu, wengine wote walikimbilia bondeni kando ya kijito, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili zake. Gabriel naye alisimama pale bondeni, akanusa ule udongo mweusi wenye unyevu. Ulinuka shamba la pamba. Akageuka, akapanda mwinukoni, akapiga kigingi chake juu kabisa, kwenye upepo na majani matupu.

"Huko juu utakunywa nini, upepo?" wakamuuliza.

"Huku juu nitamwona mtu akija," akajibu.

Hawakumcheka sana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ujinga wake aliotoka nao utumwani. Shangazi Viney hakupata usingizi mpaka mlango uwe wazi, hata theluji ikiingia. Kanisa lilipopewa kengele, waliitundika kwa shangwe, kisha wakakubaliana isipigwe siku za kazi, maana hakuna aliyetaka kuamshwa tena na chuma cha mtu.

Serikali ilikuwa ikitoa ardhi kwa sharti: uishi juu yake miaka mitano, ujenge, ulime. Ukiiacha, anaichukua mwingine. Gabriel alikuwa amevuka miaka arobaini na hajawahi kumiliki kitu kisichobebeka. Ujana wake ulikwisha kwenye mistari ya pamba ya mtu mwingine. Vita vilipofika alitorokea jeshi la Kaskazini, na karani alipomuuliza jina la pili, akataja la Tandy, mwendesha nyumbu aliyemficha chini ya magunia. Baada ya vita akalima mashamba ya wengine kwa nusu ya mavuno, nusu ambayo kila mwaka ilitoka ndogo kuliko nusu ya pili, mpaka aliposikia habari za Kansas. Sasa alikuwa na nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa mwinuko, paa la majani na udongo, na nyoka mmoja mmoja aliyedondoka mezani wakati wa chakula.

Aliyelipia ule ujinga wa mwinukoni alikuwa mkewe, Mahala. Kila asubuhi alishuka bondeni na ndoo mbili, akapanda nazo, nusu ya maji ikiishia kwenye sketi yake. Mwaka wa tatu mvua iligoma, kijito kikabaki vidimbwi vya vyura. Siku moja aliziweka ndoo chini mbele ya mumewe.

"Gabriel, nimekuvumilia. Nimekaa ndani ya shimo kama sungura, nimepikia kinyesi cha nyati, sikusema kitu."

"Ulisema."

"Nilisema kidogo. Sasa nisikilize. Kijito kikikauka, mimi na ng'ombe tunakwenda mjini Topeka. Nitafua nguo za watu. Huko angalau maji ya kufulia yapo."

Mahala hakuwa mtu wa vitisho, alisema alichokusudia kukifanya. Na Gabriel alijijua: mwanamke huyo akiondoka, yeye peke yake hatafikisha miaka mitano. Ama apate maji mwinukoni, ama akose vyote viwili, mke na ardhi.

Lakini kisima cha mwinukoni hakichimbwi na mtu mmoja. Mmoja hushuka na jembe fupi, mwingine hubaki mdomoni mwa shimo kwenye gogo lililoviringishiwa kamba, akizungusha mpini kupandisha udongo kwa ndoo, na kazi ikiisha akimpandisha mwenzake. Aliye chini hana kitu kingine duniani ila mikono ya aliye juu. Ndiyo maana pale Kanaani walichimba ndugu kwa ndugu, shemeji kwa shemeji. Na kiangazi kile wanaume wengine wote wenye nguvu walikuwa wamekwenda kutandika reli. Alibaki mmoja tu, naye alibaki kwa sababu hakuna aliyekubali kulala naye hema moja.

Aliitwa Ransom Pettus. Kule Mississippi alikuwa nyapara. Alikuwa mtumwa kama wengine, mweusi kama wengine, ila yeye alipewa baragumu, kiboko na kibanda chenye sakafu ya mbao, ili awapige wenzake bwana asichoke mkono. Alipotokea Kanaani na kundi la pili, wa kwanza kumtambua alikuwa Gabriel, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa na alama za mkono ule. Hakuna aliyemfukuza. Ila kanisani alikaa benchi lake peke yake, na watu waliimba wakiwa wamempa kisogo. Husemwa kwamba mtenda husahau, mtendwa ndiye asiyesahau. Huyu hakuonekana kama mtu aliyesahau, lakini hakuna aliyehangaika kumuuliza.

Mahala ndiye aliyemtaja. "Ransom naye ana mikono."

"Mikono yake naijua."

"Basi kaa na kiu yako. Mchagua jembe si mkulima."

Gabriel akaenda. Alimkuta Ransom mlangoni anashona ukanda wa nyumbu.

"Nina kisima cha kuchimba," akamwambia, bila salamu.

Ransom akaweka sindano chini. "Nani anashuka?"

"Mimi."

"Na mimi ndiye nishike kamba?"

"Unamwona mwingine?"

"Ndugu Tandy, acha nikuulize kabla hatujaanza. Huogopi?"

"Naogopa. Njoo kesho."

Kazi ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia, na jambo hilo lilimuudhi. Ransom alivuta sawasawa, bila kuyumbisha ndoo. Shimo lilipoingia giza, aliazima kioo cha Mahala, akakinga nacho jua na kulimimina chini, Gabriel akaona kila kokoto. Siku moja Gabriel alikuwa ameegemea jembe anapumua, na Ransom, bila ubaya wowote, kama mtu anavyomsemesha ng'ombe wake, akaita kutoka juu: "Haya! Tusogee huko!"

Mikono ya Gabriel ikaanza kuchimba. Alijaza ndoo, akaanza nyingine, jasho likimtoka, ndipo akili yake ilipofika na kumkuta anachimba. Akaliachia jembe. Akataka kupandishwa.

"Usiniite tena ukiwa hapa juu," akasema. "Usitamke hata neno."

"Ndugu Tandy, sikukusudia..."

"Najua hukukusudia. Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Nitatikisa kamba mara moja, vuta udongo. Nikitikisa mara mbili, nivute mimi. Wewe mdomo wako ufunge."

Ransom akaitikia kwa kichwa.

Wakachimba kimya siku baada ya siku, mpaka kina kikapita watu kumi waliosimamiana mabegani. Udongo ukaanza kuwa mchanga, baridi, wenye dalili ya unyevu, na Gabriel akaanza kufurahi. Alikuwa ameinama, mgongo ameuelekeza ukutani, akisikia kwa mbali kitu kama unga unaomiminika. Hakugeuka.

"Gabe! Juu!"

Ilikuwa sauti ya shambani, ile ile, na jina la shambani. Gabriel hakuamua kitu. Miguu yake ilikuwa tayari ndani ya ndoo na mikono tayari kwenye kamba, na ndoo ikiruka, akigongwa huku na huku, kifundo cha mguu kikiteguka kwenye jiwe, wakati tumbo zima la ukuta lilipopasuka na kumwagika pale alipokuwa ameinama.

Juu, wote wawili walilala kwenye majani. Viganja vya Ransom vilikuwa vimechanika, mpini umevila.

"Nimevunja agizo lako," Ransom akasema.

"Nilisikia."

"Ningetikisa kamba, ungeanza kwanza kujiuliza..."

"Nimesema nilisikia!"

Mtu aliyeponea chupuchupu humshukuru Mungu. Gabriel alilala pale akiwa na hasira ya kuwa hai. Angeitwa na sauti nyingine yoyote, angegeuka kwanza atazame, na angefukiwa akitazama. Alikuwa amejihesabu mtu huru tangu siku ya karani, na kumbe ndani ya miguu yake alikuwa bado anakaa kijana wa mstarini anayesubiri amri. Kijana huyo ndiye aliyemwokoa. Amshukuru nani hapo? Kiboko?

Kesho yake alivunja gari lao la kukokotwa, akatoa mbao za kuzuia mchanga.

"Umevunja gari nililotaka kuondokea," Mahala akasema.

"Ndiyo."

"Una bahati kijito bado kina vyura," akasema, akampa nyundo.

Mguu wa Gabriel ulikuwa umevimba kama boga, kwa hiyo aliyeshuka alikuwa Ransom. Akakita mbao, akaondoa mchanga, akaanza kuchimba. Gabriel akazungusha mpini bila kusema neno. Muda ukapita.

"Gabriel," sauti ikatoka chini. "Sema chochote. Kimya cha huku si kizuri."

"Nilikukataza kusema."

"Ulinikataza nikiwa juu."

Gabriel nusura acheke. "Unataka nikuambie nini?"

"Lolote ulilonalo."

Gabriel alikuwa na jambo moja tu la kumwambia mtu huyo.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," akaanza. "Wakati wa kuchuma. Unalikumbuka gari la dalali wa watumwa toka Natchez?"

"Nalikumbuka."

"Mama yangu alikuwa ndani yake. Hakuna aliyeniambia kwamba ameuzwa. Nilikiona kitambaa chake cha kichwani toka mstarini. Nikatupa gunia, nikakimbia."

Chini, jembe likasimama.

"Chimba," Gabriel akasema.

Jembe likaendelea. Gabriel aliisikia sauti yake mwenyewe, jinsi ilivyokuwa tamu mdomoni, na utamu ule ukamtisha. Lakini hakunyamaza. Alisimulia jinsi alivyokamatwa langoni na kuangushwa. Alisimulia nguzo aliyofungwa, na watu waliopangwa watazame, na Ransom alivyokunja mkono wa shati taratibu lisije likachafuka. Hakuwa amemwambia binadamu yeyote mambo hayo, hata Mahala, ambaye alikuwa amekuja na sahani ya mkate wa mahindi na sasa amesimama nyuma yake, haendi mbele wala harudi.

"Maji!" Ransom akaita. "Gabriel, maji! Yanaingia miguuni!"

Neno alilolingojea miaka mitatu. Gabriel akashika mpini, kisha mkono ukakataa kuuzungusha.

"Subiri," akasema. "Sijamaliza."

Chini jembe likaegemezwa ukutani. Kisha: "Nasubiri."

Na akasubiri. Maji ya ndani ya ardhi yana baridi ya kuuma mifupa, na yalikuwa yakipanda, lakini kamba haikutikiswa. Gabriel hakuharakisha. Alisema mpaka akafika mwisho, na mwishoni palikuwa na swali.

"Mimi uso wangu ulikuwa kwenye vumbi. Wewe ulikuwa umesimama. Pale nje ya lango njia inagawanyika. Gari lilikata upande gani?"

Chini maji yakasukwasukwa, Ransom akihamisha miguu.

"Sikuangalia," Ransom akasema. Meno yake yalikuwa yakigongana. "Kazi yangu ilikuwa kukuangalia wewe."

Gabriel akabaki ameinamia mpini. Mtu yule angeweza kusema kushoto, angeweza kusema kulia. Uongo usingemgharimu kitu, na ungempandisha upesi. Machozi yakamtoka Gabriel, na hakuyafuta. Mahala akaiweka sahani kwenye majani, akazunguka upande wa pili wa gogo.

"Mvute, baba," akasema. "Hatuwezi kumwacha mtu ndani ya maji yetu ya kunywa."

Wakaushika mpini wote wawili, wakaanza kuvuta.